Kofia ya Bomba la Choo

Mchana, jua linapokaa juu ya mabati, cherehani ya Mama Kifungo huimba wimbo mmoja tu. Mguu unakanyaga, sindano inashuka, kitambaa kinajisogeza chenyewe. Hapo ndipo mawazo yake hutoka na kwenda kutembea. Mteja humwita mara mbili ndipo aitike.

Jambo alilopenda kuliwazia, msishangae, ni majina ya choo.

Alipoolewa katika nyumba ile alikuta kila mtu ana jina lake. Baba mkwe, mzee seremala, alisema anakwenda maliwatoni. Mama mkwe alisema msalani. Mume wake, dereva wa lori, alikuja na neno la barabarani: anakwenda kuchimba dawa. Madereva wa safari ndefu husema hivyo wanapoingia vichakani, kana kwamba wanatafuta mizizi. Naye Mama Kifungo, kwao walisema uani, basi. Siku za mwanzo wa ndoa, akiwa bado mgeni, aliona kama nyuma ya nyumba ile kuna miji minne. Maliwato ulikuwa mji wa marumaru na maji yanayotiririka. Msala ulikuwa mji mtulivu, wenye vivuli. Huko kwenye kuchimba dawa palikuwa na msitu, na wazee wenye majembe wakizungumza polepole. Kumbe njia zote ziliishia kwenye kibanda kimoja cha matofali. Kilikuwa na tundu katikati ya sakafu, na bomba refu la kutolea hewa lililopanda kutoka shimoni mpaka juu ya paa.

Neno lenyewe, choo, hakuna aliyelitamka. Lilikuwa neno la aibu, hasa baina ya mke wa mtoto na baba mkwe. Mtu na mkwewe hawasemezani habari za choo, wasije wakakosa pa kuweka macho.

Kibanda kile kilijengwa vizuri. Lakini siku za joto kilitoa harufu, na wateja wa Mama Kifungo hukaa barazani. Aliona haya. Akaona wazi kwamba harufu inatoka kwenye lile bomba, kwani bomba lina kazi gani nyingine? Basi akachukua kitambaa kizito cha turubai, akashona kofia yenye mpira ukingoni, akapanda ngazi, akalivalisha bomba. Mlango wa kibanda ulipoliwa na mchwa akatundika pazia jepesi la maua. Kibanda kikapendeza kupita nyumba yenyewe. Harufu haikuondoka, ilizidi. Inzi nao wakaongezeka.

Sasa tuje kwa Kifungo. Alikuwa binti yao wa pekee, na alipozaliwa alikuwa mviringo kama kifungo cha koti, ndipo akaitwa hivyo. Mwaka ule wa kofia alianza kuharisha. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa ya unga ya kuchanganya na maji safi, akapona. Baada ya muda akaanza tena. Wakarudi zahanati, akapona, akaanza tena. Mashavu yakatoweka. Mama yake alimpunguzia magauni pembeni, kidogo kidogo, na kila alipopunguza alilia kimyakimya. Aliogopa kwamba siku moja atapunguza mpaka ibaki nguo bila mtu.

Siku moja Bibi Afya wa mtaa alikuja kupimwa sketi. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alipokuwa amenyoosha mikono apimwe kiuno, alimwona Kifungo akinywa uji mkekani. Inzi watatu walikuwa ukingoni mwa kikombe. Mmoja alitembea mpaka kwenye mdomo wa mtoto, na mtoto hakuwa na nguvu za kumfukuza.

"Mama Kifungo," Bibi Afya alisema, "choo chenu kiko wapi?"

Mama Kifungo aliuangalia mlango wa baba mkwe. Alikuwa na pini mdomoni. Aliinua kidole tu, kuelekea nyuma.

Walikwenda pamoja. Bibi Afya alitazama juu, akasimama.

"Ile pale ni nini?"

"Kofia."

"Ya nani?"

"Ya bomba. Nimeishona mwenyewe, kuzuia harufu."

Bibi Afya aliminya midomo asicheke. "Mshono mzuri," alisema. "Lakini bomba hilo ndilo pua ya choo. Upepo ukipita juu yake unaivuta harufu kutoka shimoni, inapanda na kupotelea angani. Ukiziba juu, itatokea huku chini kwenye tundu."

Kisha alishika pazia la maua, akamweleza habari za inzi. Inzi hufuata mwanga. Choo kikiwa na giza ndani, inzi aliye shimoni huuona mwanga mmoja tu, wa juu ya bomba. Huufuata, hukutana na wavu uliofungwa kule juu, hashuki tena, hufia hapo hapo. Ndiyo maana choo cha namna ile huwa na mlango wa kufungwa, na tundu lake haliwekwi kifuniko, ili hewa ipite.

"Wewe umemzibia juu, ukamfungulia dirisha la maua hapa," alisema. "Anatoka, anakwenda moja kwa moja kwenye uji wa mtoto. Na miguu yake haijanawa."

Mama Kifungo alihisi baridi mchana kweupe. Alisema kwamba basi ni yeye aliyemtia mwanawe maradhi. Bibi Afya alimshika bega, akamwambia hakujua, na sasa anajua. Kofia iondoke, wavu ukaguliwe, mlango wa mbao urudi. Nani atauchonga?

Seremala alikuwa mmoja tu pale nyumbani. Mama Kifungo alisema labda angoje mume wake arudi safari, amwambie yeye, naye amwambie baba yake.

Bibi Afya aliangalia kule alikokaa mtoto. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo haikuwa yake.

Jioni ile Mama Kifungo alipiga magoti mbele ya kiti cha baba mkwe, kama alivyozoea kumsalimia. Ile miji yake minne ilimpita kichwani, mmoja baada ya mwingine, kama mawingu. Alitamani aingie katika mmojawapo ajifiche. Lakini hakuna hata mmoja uliokuwa na inzi, wala bomba, wala mtoto mgonjwa.

"Baba," alisema, "choo chetu ndicho kinachomrudisha mtoto zahanati."

Neno lilitoka, likakaa katikati yao. Mama mkwe alikohoa. Mzee aliinamisha kichwa, na Mama Kifungo akaeleza yote: bomba, giza, wavu, mlango.



"Mwashi aliyekijenga aliniambia bomba lisizibwe," alisema mzee. "Tulikuwa wawili, alininong'oneza. Kisha nikaliona limevaa kofia yako. Kila asubuhi ninaiona. Nikawa najiuliza, nitaanzaje kumwambia mkwe wangu habari za choo?" Aliinua kichwa. "Mjukuu wangu anaisha, mimi naona haya."

Mama Kifungo alilia. Mzee naye alifuta macho kwa kiganja, wala hakujificha.

Kesho yake randa iliamka kabla ya jogoo. Mzee alichonga mlango unaofunga vizuri, akapanda mwenyewe kuvua ile kofia. Kule juu wavu ulikuwa umetoboka, akafunga mpya wa waya usioshika kutu. Mama mkwe alitundika kibuyu chirizi kando ya mlango, dumu dogo la maji linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, na sabuni imening'inia pembeni. Akatangaza kwamba asiyenawa hali. Chakula kikawa kinafunikwa. Mama Kifungo alichukua uzi, akaushikilia juu ya tundu la choo. Uzi ulivutwa chini, polepole: hewa ilikuwa inashuka shimoni ili ipande bombani. Aliutazama kwa furaha, akamwita mzee aje aone, naye mzee akaja.

Miezi ikapita na Kifungo hakurudi zahanati, ila kwa kupimwa uzito. Mashavu yalirudi, na kelele zake pia.

Siku moja mchana alikuja mteja mgeni, mama mmoja mpole. Baada ya kukaa kidogo alimwinamia Mama Kifungo sikioni, akauliza ni wapi mtu anaweza kunyoosha miguu. Baba mkwe alikuwa pale pale barazani, mjukuu amelala mapajani mwake.

"Choo kiko nyuma, dada," alijibu Mama Kifungo, na cherehani haikusimama. "Ukitoka funga mlango, ndani kuwe giza. Maji na sabuni viko nje."

Mgeni alimtazama mzee kwa hofu.

"Nenda tu, mwanangu," mzee alisema. "Mlango nimeuchonga mimi."

Kifungo aligeuza kichwa, akaendelea kulala mdomo wazi, na hapakuwa na inzi hata mmoja usoni pake.