Jibu la Saa Moja

Saa 4:40 asubuhi. Kompyuta ilikuwa imewashwa juu ya friji bovu, chumba cha nyuma cha karakana. Waya mmoja wa mtandao uliingia dirishani.

Fundi alieleza mpango kwa mara ya mwisho. Mbele yake walikuwa wawili: Msumari, mwenye kazi, na binamu wa Msumari, aliyekuwa akichezea funguo za pikapu. Dereva, mdogo wake Fundi, alikuwa tayari barabarani na lori. Hakuwahi kumwona Msumari. Ndivyo Msumari alivyotaka.

Kila lori likiingia au likitoka, lango la ghala huiuliza kampuni ya ulinzi iliyo nje: huyu apite? Anwani ya kampuni hiyo hutafutwa na seva za majina za ghala, kompyuta zinazogeuza jina kuwa anwani, na seva hizo Fundi ndiye aliyezipanga. Zingeweza kwenda zenyewe hadi seva za mzizi, zile kuu za intaneti yote, na kushuka hatua kwa hatua mpaka jina lipatikane. Alichagua njia fupi: kila jina la nje liulizwe kwa mtoa huduma mmoja. Siku moja kabla ya kufukuzwa kazi ghalani, akaifuta anwani ya mtoa huduma na kuweka ya chumba hiki.

Kwa siku kumi, maswali yote ya ghala yalipita juu ya friji.

"Meneja wao anatafuta dawa ya upara," binamu alisema. "Kila asubuhi, hakosi."

Akaondoka na pikapu.

Msumari aliuliza kompyuta ikizimika itakuwaje. Fundi, ambaye hajui kujibu nusu, akajibu yote. Uongo wao hukaa dakika tano kwenye kumbukumbu ya seva, kisha seva huuliza tena. Ikikosa jibu hapa, itakwenda yenyewe kwenye mzizi na kurudi na ukweli. Tiki ya kuiruhusu, kwenye mipangilio ya seva, aliiweka yeye, zamani. Bila tiki hiyo lango lingekosa jibu kabisa, na mlinzi angefungua kwa mkono akiona karatasi ya ruhusa. Karatasi ya bandia ilikuwa mfukoni mwa dereva.

"Mbona hukuitoa?"

"Haikunijia. Seva haiachwi bila njia ya pili."

Msumari aliitikia kwa kichwa taratibu.

Saa 5:05. Lango liliuliza. Kompyuta ikadanganya. Lori likaingia.

Saa 5:26. Binamu alipiga simu. Masanduku manne ya platini yalikuwa yamepenyezwa kupitia uzio wa nyuma, yako kwenye pikapu. Lori lilibaki tupu, litoke kama lilivyoingia.

Msumari akachomoa waya.

Fundi alidhani ni bahati mbaya. Alinyoosha mkono, ukakutana na bastola.

"Watahitaji mtu wa kukamata," Msumari alisema. "Wakimpata, hawachimbi zaidi."

"Yule ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Ndiyo maana nilikuambia umlete. Atakutaja wewe. Mimi hanijui."

Msumari alisimama hapo dakika tano, mpaka uongo ulipokwisha kwenye seva, jicho moja kwenye saa ya ukutani, kisha akatoka. Waya aliuacha sakafuni. Somo alikuwa amelielewa.

Saa 5:31. Fundi aliurudisha waya. Taa ya kijani ikawaka. Maswali yakamiminika: barua pepe, benki, dawa ya upara. La lango halikuwemo. Seva ilikwisha kwenda kwenye mzizi, na jibu la kweli hukaa saa nzima. Alijaribu nywila yake ya zamani ya seva za ghala mara tatu. Ilikataliwa mara tatu.

Saa 5:33. Simu.

"Kaka, lango halifunguki."

"Mpe mlinzi karatasi."

"Nimempa. Anasema mfumo umeshajibu hapana."

"Shuka. Kimbia."

"Wamefunga mbele na nyuma. Kaka, nifanyeje?"

Simu ikakatika.

Saa 5:41. Namba ileile. Sauti ngeni, isiyo na haraka, ikauliza anayeongea ni nani kwa dereva huyu. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na barabara tupu.

"Mimi ni kaka yake," Fundi alisema. Akataja mtaa, karakana, chumba cha nyuma, na rangi ya pikapu.