Kibali cha Stoo ya Ramani

Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na ofisi ya ramani Lindi ilikuwa imefurika wapimaji wa mkataba. Ufunguo wa stoo alikuwa nao Biasha peke yake, mtunza stoo. Kibwana, kijana wa Tanga mwenye shati la kitenge na viatu vya vumbi, alijaribu kupita bila kibali. Biasha akamrudisha mwisho wa foleni, naye akaenda akicheka.

Tangu hapo alikuwa wa kwanza dirishani kila asubuhi. Biasha akaanza kuvaa gauni lake la buluu siku za kazi, na wala hakujidanganya: alishampenda.

Mkataba wa Kibwana ukaisha Ijumaa. Sheria ya stoo haikuwa na huruma: mtu wa nje akimaliza mkataba, jina lake linakatwa kwa wino mwekundu siku hiyohiyo. Biasha akalikata, mkono mzito.

Jumatatu simu ikalia kutoka kijiji cha Sudi. Alikuwa Kibwana; amegundua kwamba kwenye ramani ya kijiji hicho kisima amekiweka ng'ambo isiyo sahihi ya mto. Jumatano zingetolewa nakala, na watu wangechimba pasipo maji. Akaomba aingie stoo japo nusu saa, airekebishe.

"Jina lako limekatwa," Biasha akasema.

"Nani kalikata?"

"Mimi."

"Basi nimekuelewa, Bi Biasha," akajibu, akakata simu. Wiki nzima iliyopita alikuwa akimwita mpenzi.

Biasha alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kwa mkuu wa ofisi. Ilikuwepo njia moja ambayo watu walishaisahau: mgeni aliruhusiwa kurekebisha kazi yake, mradi mtunza stoo akae naye mwanzo hadi mwisho. Mkuu akatia sahihi. Ujumbe ukaenda na basi la Sudi.

Jumanne Kibwana akafika amenuna. Akakisoma kibali mara mbili: mwangalizi ni Biasha; mwisho ni leo saa kumi. Uso ukamlainika. Wakakaa bega kwa bega, yeye akihamisha kisima, Biasha ameshikilia ncha ya karatasi.

"Nilidhani umenifuta," akasema.

"Nilimkata mpimaji. Wewe sijakugusa."

Saa kumi Biasha akanyoosha mkono achukue kibali. Kibwana hakukiachia.

"Nataka kingine, mpenzi. Kisicho na tarehe ya mwisho."

"Hicho sitoi mimi," Biasha akasema, akifunga stoo. "Anatoa baba yangu, Kilwa Kivinje. Tuma mshenga. Basi la huko ni Alhamisi."