Laini Moja Hainitoshi

Kaunta ya duka la vifaa vya umeme ilijaa watu asubuhi ile, na kati ya watu wote duniani, fundi cherehani akajikuta amebanana bega kwa bega na aliyekuwa mpenzi wake. Mtaa mzima ulimwita Randa, kwa sababu ya karakana yake ya kuranda mbao. Alivaa ovaroli ya buluu na hereni ndogo za dhahabu, vumbi la mbao limetulia kwenye nyusi. Alipendeza, jambo lililozidi kumkera fundi.

"Sogea, unanikanyaga," Randa akasema.

"Nimeshazoea kusogezwa."

"Ulijisogeza mwenyewe, baba. Ulinikatia simu, ukawa unanipita njiani kama nguzo. Mpaka leo sijui kosa langu."

"Hulijui?" Fundi akacheka kwa ubaya. "Nilikuletea chakula karakana, nikakukuta kwenye simu. Laini niliyokununulia mimi, yetu wawili tu. Nikakusikia kwa masikio yangu haya: 'Hii laini moja imenichosha, haina nguvu. Nataka tatu.'" Akaigeukia foleni. "Jamani, mwenye laini tatu ndiye huyu. Mwanaume mmoja hamtoshi."

Watu wakaguna. Randa hakupandisha sauti.

"Kaka," akamwambia muuza duka, "mwambie nilikuwa naongea na nani."

"Na mimi," muuza duka akajibu, huku akipima waya. "Karakana yake ilikuwa na umeme wa laini moja. Huo unapanda na kushuka, na ukishuka mota inakosa msukumo. Taa haijali, hata cherehani yako haijali. Lakini mota kubwa ya randa inanguruma tu na kuchemka. Ukiiwekea laini tatu zinapokezana, moja ikishuka nyingine inapanda, mota haikosi wa kuisukuma."

Foleni nzima ikacheka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kumbe uliniacha kwa ajili ya waya," Randa akasema. "Kusikia vibaya nakusamehe. Ila uliondoka bila kuniuliza, na leo umeniaibisha mbele za watu. Hilo linaniuma."

Akalipa, akajitwika rola la waya begani, akatoka.

Fundi akamfuata hadi mlangoni. Kisha akatoa simu, akapiga namba ya ile laini aliyomnunulia, ambayo hakuwa ameigusa tangu siku ile, akiamini imeshatupwa. Nje, hatua chache kutoka mlangoni, mfuko wa ovaroli ukaanza kulia. Randa akasimama. Akaiacha ilie mpaka ikakatika. Fundi akapiga tena.

"Unataka nini?" Randa akapokea bila kugeuka.

"Kuuliza."

"Umechelewa."

"Najua. Nauliza hivyo hivyo. Huo waya ni mzito?"

Randa akahamisha rola bega la pili.

"Mzito," akasema. "Na hunibebei. Tembea nyuma yangu, na usikate simu."