Delta ya Toussaint

Foleni ya forodha ya Kavimvira ilikataa kusogea. Laurette, kitenge cha kijani kiunoni, alikalia gunia lake la unga akikokotoa hesabu daftarini upesi, kama anayesimamiwa na mtu asiyeonekana.

"Dada, hata mu foleni uko unatafuta delta?"

"Na weye, macho yako iko inatafuta nini mu daftari ya watu?"

Mwenye macho hayo alikuwa Gracien, mwalimu wa hisabati wa Sange, shati jeupe limepigwa pasi hadi kolani. Alicheka. Laurette, aliyekuwa akijiandaa kwa Mtihani wa Serikali baada ya miaka miwili ya kuacha masomo, akajikuta amempa namba ya simu.

Kwa miezi mitatu Gracien alimfundisha kwa simu.

"Anza na delta, chérie wangu: b mraba, toa nne ac. Ikipita zero, majibu mawili. Ikiwa zero, moja. Ikiwa chini—"

"Nimechoka, mwalimu. Weye uko jibu la ngapi?"

"Minye? La pekee."

Jumapili moja, kwao Laurette huko Nyamianda, Gracien alifungua daftari kuukuu lililokuwa chini ya Biblia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mlinganyo mmoja tu: x² + 2x + 3 = 0. Kwa mazoea ya kazi akachomoa kalamu ya bic nyekundu, akakata alama ya mwisho ya kujumlisha, akaandika ya kutoa.

"Aliyeandika alikosea. Sasa x iko moja, ao hasi tatu."

Laurette akalinyakua daftari. "Hiyo iko mwandiko ya Toussaint."

Toussaint, mchumba wake, alimwachia zoezi hilo asubuhi aliyopanda mtumbwi, na ziwa halikumrudisha. Miaka miwili Laurette alilirudia, na kila alipofika kwenye mzizi wa hasi nane alidhani amekosea yeye. Kila mara, nyuma ya pazia, sauti ya Toussaint ilimuuliza: Umemaliza?

"Umeandika juu ya mwandiko ya muntu mwenye alikufa," Laurette alimwambia Gracien. "Toka!"

Siku tisa Laurette hakupokea simu ya Gracien. Ya kumi, akapiga mwenyewe.

"Mwalimu, delta yake iko hasi nane."

Gracien alihesabu upya. "Ndiyo. Nilikimbilia kalamu mbele ya kuhesabu. Yeye hakukosea, minye ndiye nilikosea. Unisamehe."

"Basi x iko ngapi?"

"Hakuna, Laurette. Mu namba tunazozijua, hakuna. Alitaka uandike hivyo tu."

Pazia lilitikisika bila upepo. Laurette akaandika "Hakuna" chini ya mlinganyo.

"Mama ya Toussaint angali ananiita bibi-arusi wa mwana wake," alisema. "Kesho naenda kumuomba aniachilie. Peke yangu sitafika."

"Nikungojee wapi, chérie?"

"Mlangoni pake. Ukisikia ninalia, usiingie. Nitatoka minye mwenyewe."