Na Mengineyo Mengi

Kila siku akitoka skuli, Yumna alivua sare, akala, akakaa na watu wa nyumbani kuchambua karafuu, kisha akakimbilia kiwanjani kucheza nage. Karafuu alizivumilia tu. Nage aliipenda kufa. Pale Vitongoji hapakuwa na msichana wa rika lake aliyejua kukwepa mpira kama yeye, na mwenyewe alihakikisha kila mtu analijua jambo hilo.

Siku moja kaka yake, Othman, alirudi kazini na kompyuta kwapani. Othman alikuwa fundi wa tovuti katika chuo kikuu kimoja huko Chake Chake. Alimkalisha Yumna barazani, akaiwasha kompyuta.

"Tovuti yetu ni ya watu wote, lakini haiwafai wote," alimweleza. "Asiyeona anahitaji simu imsomee maandishi. Kiziwi akifungua video zetu, anaona midomo inakwenda tu. Sasa tunataka kila video iwe na maandishi chini yake, neno kwa neno. Wewe vidole vyako vyepesi. Utanisaidia hii moja? Ni ya Bi Rumana, mkuu wa udahili, anaeleza habari za usaili wa wanafunzi wapya. Inatakiwa kesho asubuhi."

"Hii tu? Niachie mimi, kaka," Yumna alijibu kwa madaha.

Sasa, Bi Rumana alikuwa mtu wa watu, na mtu wa watu hajui kusalimu kwa ufupi. Alitoa salamu kamili. Akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai na afya, akawashukuru wazazi, walimu, masheha, wafanyakazi wenzake, mpiga picha, na hata aliyemtengea kiti. Yumna aliandika yote. Alisimamisha video, akaandika, akairudisha nyuma kidogo, akaandika tena. Alipofika kwa mpiga picha vidole vilikuwa vinamuuma.

"Yumna! Tunaanza, weye!" rafiki yake Laila aliita kutoka njiani, mpira mkononi.

Ndiyo kwanza Bi Rumana alikuwa anasema kuwa usaili ni Alhamisi asubuhi, pale pale chuoni. Yumna aliyaandika hayo. Akatazama video, akaona bado kipande kirefu. "Atakuwa anashukuru tena huyu," alijisemea. Akaandika "na mengineyo mengi", akafunga kompyuta, akatoka mbio.

Baada ya Magharibi Othman aliuliza, "Umemaliza?"

"Nshamaliza, kaka. Yote."

Othman alisoma mwanzo. Alipoona hata mtenga kiti hakusahauliwa, alicheka, akamsifu dada yake na kuituma kazi bila kufika mwisho.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Mwanapili, binti wa Bi Kijakazi. Mwanapili aliugua utotoni akapoteza usikivu, lakini alisoma mpaka akafaulu kidato cha sita, na sasa aliomba nafasi chuoni ili awe mwalimu wa watoto viziwi. Ndiye aliyemsuka Yumna nywele tangu mdogo, na wakati wa kusukana ndipo alipomfundisha lugha ya alama.

Siku ya pili yake Mwanapili alikuja mbio, simu mkononi, uso umemkunjuka. Alimwonyesha Yumna ile video, kisha akasema kwa mikono yake: "Tazama! Safari hii wameniandikia na mimi. Kila siku huwa naomba watu wanieleze."

Yumna aliyatazama maandishi yake mwenyewe. Alipokuwa akiandika, Mwanapili hakumpitia akilini hata kidogo. Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kusema. Angetamka neno moja tu, kazi ingerudiwa na hakuna ambaye angeumia. Lakini alikwisha kusifiwa, na sifa ni tamu. Alijilazimisha kutabasamu, akajipa moyo kuwa mengineyo yale hayakuwa na maana.

Alhamisi Mwanapili aliondoka alfajiri, buibui limepigwa pasi. Alirudi alasiri, akakaa kizingitini, macho mekundu. Sauti ya Bi Kijakazi ilisikika mpaka njiani. Alikuwa akisema kwa mdomo na kwa mikono, vyote pamoja.

"Kutwa nzima kwenye benchi! Wenzio wanaingia na kutoka, wewe umekaa tu! Hukuuliza, mwanangu?"

Yumna alisimama kando ya ukuta, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Othman, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kazini, alikuja kueleza. Majina yaliitwa kwa sauti. La Mwanapili liliitwa, likarudiwa, hakuinuka mtu, wakaandika kuwa hakufika.

"Lakini Bi Kijakazi, yote yalielezwa kwenye video," Othman alisema kwa masikitiko. "Na maandishi yapo. Kayaandika Yumna mwenyewe."

Masikio ya Yumna yalipata moto. Alitamani kaka yake asingelitaja jina lake, na papo hapo akaona haya kwa kutamani hivyo.

Bi Kijakazi alimtafsiria Mwanapili maneno ya Othman kwa mikono. Mwanapili akajipiga kifuani taratibu. "Basi kosa langu," alisema kwa mikono. "Sikusoma vizuri." Alitoa simu, akaisoma video tangu mwanzo: salamu, shukrani, masheha, mpiga picha, kiti. Alipofika mwisho alikunja uso. Akamgeuzia Yumna simu, akaweka kidole chini ya maneno matatu, akauliza:

"Mengineyo gani?"

 Machozi yalimtoka Yumna kabla ya jibu.

"Sijui," alisema kwa sauti na kwa mikono. "Sikusikiliza. Nilikwenda kucheza. Kaka, nilikudanganya."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Othman aliifungua video, akaipeleka mbele, akaongeza sauti. "Sikiliza sasa," alisema. "Umwambie mwenyewe."

Sauti ya upole ya Bi Rumana ikatoka: "Na wewe ndugu yetu usiyesikia, usikae benchini kungoja jina. Njoo moja kwa moja ofisini kwangu. Mkalimani wa lugha ya alama atakuwa anakusubiri."

Yumna aliyatafsiri maneno yale moja moja kwa mikono. Mwanapili aliitazama ile mikono mpaka ikatulia. Kisha aliingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi Othman alimwombea Yumna ruhusa skuli, akamchukua yeye na Mwanapili mpaka ofisini kwa Bi Rumana. Njia nzima Yumna alitamani gari iharibike. Haikuharibika. Alisimama mbele ya meza, akaeleza kila kitu, hata nage, na hata siku aliyoonyeshwa video akanyamaza.

"Na mimi sikuisoma mpaka mwisho," Othman aliongeza. "Nilipaswa."

Safari hii Bi Rumana hakuanza na shukrani.

"Mkalimani alikaa humu mpaka adhuhuri," alisema. "Tukadhani binti kaghairi. Kosa limetoka kwenye tovuti yetu, halikutoka kwa Mwanapili. Wasaili nitawaita tena Jumamosi. Nafasi simwahidi, hiyo ataipigania mwenyewe."

Siku ile Yumna aliiandika video upya, neno kwa neno, na Othman akakaa pembeni kuisoma yote. Jioni wenzake walimwita, hakwenda. Alimchotea Mwanapili maji, akamfagilia ua, akampelekea bakuli la mihogo ya nazi. Mwanapili alipokea bakuli, akarudi ndani.

Jumamosi Mwanapili alifanyiwa usaili, mkalimani yuko ubavuni. Majina ya waliokubaliwa yalipotoka kwenye tovuti, lake lilikuwamo. Bi Kijakazi alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa na koo. Yumna hakujua kama ana haki ya kushangilia. Alichukua ndoo, akaelekea mferejini kumchotea Mwanapili maji, kama kila siku tangu siku ile.

Mwanapili alimfuata, akamnyang'anya ndoo, akaiweka chini ili wote wawili wawe na mikono mitupu.

"Maji yangu nitachota mwenyewe," alisema. "Nilikasirika, na hasira imekwisha. Lakini nikwambie jambo. Ukikubali kazi ya watu, imalize. Ikikushinda, sema imekushinda. Siku ile nilipokuja nimefurahi, ungeniambia 'sijamaliza', ningekungoja. Ulininyamazia, ndiyo nikakaa kwenye benchi mbele ya watu, najiona mjinga."

Yumna aliinamisha kichwa. Mwanapili alimwinua kidevu, kwa sababu mtu aliyeinama hawezi kuambiwa kitu kwa mikono.

"Huruma yako siitaki, Yumna. Wanaloambiwa wengine, niambiwe na mimi. Lote."