Ukurasa Usiokatwa

Jua lilikuwa linazama Wakili alipobisha kwa mama yake mdogo, kuchukua majarida ya zamani ya mumewe. Wakili si cheo. Ni jina alilobandikwa na ukoo tangu aanze kuwagaragaza watu kwenye midahalo ya chuo.

Kesho yake asubuhi kungekuwa na kikao cha ukoo. Baba yake mdogo alikuwa na wiki ya tatu hajulikani alipo. Alipotea ndani ya chumba kilichofungwa kwa komeo la ndani. Baba mkubwa alishahukumu: kikulacho ki nguoni mwako. Mke ndiye mchawi, aondoke kwenye nyumba.

Wakili alikuwa anachemka. Mwanamume akipotea, mkewe mchawi. Mwanamke akipotea, eti katoroka na bwana!

"Wanasema hayo majarida ndiyo vitabu vyangu vya uchawi," mama mdogo alinong'ona akimfungulia chumba kile.

"Nitawamwagia mezani, mama. Wazione hizo bustani za Wafaransa. Tangu lini kupogoa maua kukawa ulozi?"

Mama mdogo akacheka kidogo. "Baba yako mdogo aliyapenda kuliko mimi. Mimi hakuwahi kunifunika kwa nailoni." Akaenda kuchemsha chai.

Matoleo thelathini na tisa, kila moja ndani ya nailoni, yalijipanga kwenye rafu; matunda ya miaka ishirini ya kuwaandikia wauza vitabu wa ng'ambo. La arobaini, la mwisho, lilikuwa mezani. Lilifika kwa posta siku ileile aliyopotea.

Chini ya meza, kandambili moja. Ya kushoto.

Na harufu... Majani mabichi, kama yamekatwa sasa hivi. Dirisha limefungwa. Uani ni saruji tupu.

Wakili alilifungua lile la mezani. Zamani majarida kama haya yalitoka kiwandani kurasa zikiwa zimekunjwa na kuungana ukingoni. Msomaji alizichana mwenyewe kwa kisu. Wakusanyaji hawathubutu. Ukikata, umeliharibu. Baba mdogo alimfundisha hivyo tangu utotoni, na kofi la mkono alishampa kwa ajili hiyo.

Lakini hapa mkunjo wa kwanza ulikuwa umekatwa. Vumbi la karatasi bado lilikuwa kwenye kisu cha baba mdogo, hapo mezani.

Ndani, picha ya bustani: ua wa miti ulionyooshwa kama ukuta, geti wazi, na mtunza bustani aliyesimama kwa kumpa msomaji mgongo, mkasi mkubwa mkononi.

Mkunjo wa pili ulikuwa mzima.

Wakili alisita. Kisha akafikiria kikao. Baba mkubwa angeuliza, humo ndani mna nini? Hoja yenye tundu si hoja.

Akakata.

Bustani ileile, sasa ikionekana kutoka ndani. Penye benchi la mawe ameketi mtu. Fulana yenye tundu begani. Miwani iliyofungwa kwa uzi. Kandambili moja, ya kulia.

Mdomo wake ulikuwa wazi, kama anayepiga kelele.

Nyuma yake alisimama mtunza bustani. Safari hii alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama Wakili.

"Mama!" Sauti ilimtoka nyembamba.

Mama mdogo alikuja mbio, akaangalia, akashika kifua. "Ni yeye... Mume wangu!" Kisha akaona kisu. "Umekata?"

"Nilitaka ushahidi..."

"Usiku ule nilimsikia humu akisema, 'Sikati tena. Huu wa pili sikati, hata uniombe vipi.' Nilidhani anaongea peke yake."

Kwachu.

Mlio wa mkasi, mahali fulani mle chumbani. Kwachu... kwachu... Kisha ukumbini. Kisha kimya.

Mlango wa mbele ukabishwa. Mara tatu, polepole, kama alivyobisha baba mdogo siku zote akisahau funguo.

Uso wa mama mdogo ukafunguka. "Amerudi! Wataniomba radhi, mwanangu, wote!" Akakimbia.

Wakili aliangusha macho kwenye picha, akitarajia benchi tupu.

Benchi halikuwa tupu. Baba mdogo alikuwa palepale, mdomo wazi, na sasa mkono ameuinua kumkataza mtu.

Aliyekuwa hayupo ni yule mwenye mkasi.

"Mama, usi..."

Komeo lilifunguka. Harufu ya majani mabichi ikajaa nyumba nzima, na mama mdogo akasema, kwa upole kabisa, "Karibu. Mbona umechelewa hivyo?"