Uwiano wa Kulwa na Doto

Kofiapima ilishuka kutoka darini taratibu, ikafunika kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza mpaka kwenye nyusi, ikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba. Kioo kilichokuwa mbele ya macho yake kilionyesha maumbo na namba, na mtoto alipokuwa akiwaza, kofia ilipima kasi ya ubongo wake kuchoma sukari. Ubongo unaofikiri sana hula sana. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya chombo kile. Mtoto hajamaliza hata kujikuna shingo, namba ikawa imeshawaka juu ya paji la uso wake, kati ya moja na mia, na mwalimu na darasa zima wameshaiona. Waliopata sabini na zaidi walipelekwa mkondo wa hesabu. Waliobaki walipelekwa mkondo wa mikono, ambako hesabu ziliishia kwenye kujumlisha na kutoa, maana kuna haja gani ya kumchosha mtoto bure?

Katika Jiji la Nyashimba, kusini mwa ziwa, hakuna aliyeiamini kofia hiyo kumzidi Dk. Nkwimba Lushinge, mtaalamu wa takwimu wa Mamlaka ya Vipaji. Yeye ndiye aliyethibitisha kwamba haikosei. Alichukua namba za kofia za watoto wa nchi nzima, akazilinganisha na matokeo yao ya hesabu ya miaka ya baadaye, akatafuta uwiano. Uwiano ukiwa sifuri, mambo mawili hayajuani kabisa. Ukifika moja, hili likipanda na lile hupanda, bila kukosea. Wakati wa majaribio, walimu wakiwa bado hawaonyeshwi namba, uwiano ulikuwa sifuri nukta tano. Kofia ilipoenea shuleni, ulipanda mwaka hadi mwaka mpaka ukafika nukta tisa. Mamlaka ilichinja ng'ombe. Wakubwa walisema mashine inazidi kupata akili, na Nkwimba akapandishwa cheo.

Aliyekuja kumharibia raha ni mdogo wake, Mbuke.

"Dada, mwezi ujao Kulwa anafikisha miaka kumi na mitano," Mbuke alisema, chai hata hajaigusa. "Wakishampiga muhuri, basi tena. Atasafisha mabamba ya umeme wa jua juu ya maghorofa mpaka azeeke."

Mbuke alikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto, kama huku wanavyoitwa pacha wa kwanza na wa pili wa kila uzazi, waliofanana kiasi kwamba hata yeye mwenyewe aliwahi kumnyonyesha mmoja mara mbili na kumwacha mwingine akilia. Kofia ilimpa Doto sabini na nane, na sasa alikuwa anajiandaa kwenda chuo cha wahandisi wa anga. Kulwa alipewa arobaini na sita. Kwa sheria, mtoto akifikisha miaka kumi na mitano namba yake hupigwa muhuri, na mkondo haubadilishwi tena mpaka kaburini.

"Namba haina upendeleo, Mbuke," Nkwimba alisema. "Ningekuwa na la kufanya ningeshalifanya."

"Hawa walikuwa yai moja. Daktari aliniambia kwa mdomo wake. Hizo akili ziligawanyikia wapi?"

Nkwimba alikasirika, na alikasirika kwa sababu swali lilikuwa zuri. Kesho yake ofisini aliiagiza mashine imletee mapacha wote wa yai moja waliowahi kupimwa nchini. Alitegemea kukuta tofauti za ovyo ovyo, huku mkubwa amemzidi mdogo, kule mdogo amemzidi mkubwa. Mikoa mingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini huku kanda ya ziwa, karibu kila shule, Kulwa alikuwa chini na Doto alikuwa juu. Nkwimba alirudia hesabu, akairudia tena, jibu likawa lile lile. Ubongo haujui nani alitangulia kuzaliwa. Wanaojua ni watu.

Hakusubiri saa ya kutoka kazini. Alimkuta Mbuke uani anaanika nguo.

"Siku ile ya kupimwa, nani alitangulia?"

Mbuke alimwangalia kwa mshangao. "Nani tena zaidi ya Kulwa? Wewe umezaliwa wapi, dada? Kulwa ndiye wa kwanza. Kunyolewa ni Kulwa kwanza, sindano ni Kulwa kwanza. Na shuleni mapacha hawakai darasa moja, walimu watawachanganya. Kulwa anakwenda A, Doto anakwenda B. Shule zote za huku ni hivyo hivyo."

"Na darasa la A lilipimwa saa ngapi?"

"Asubuhi walipofika tu. B wakafuata, baada ya uji." Mbuke aliirudisha nguo kwenye beseni. "Kulwa alirudi nyumbani analalamika. Alisema kofia ilimkuta na njaa."

Chombo kinachopima sukari ndani ya ubongo kilikuwa kimewekwa juu ya vichwa vya watoto ambao hawajatia kitu mdomoni tangu usiku. Si Kulwa peke yake. Ni darasa zima la A, lile ambalo wazazi waligombania kuingiza watoto wao.

Mkurugenzi wa Mamlaka, Mzee Chigulu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kama kofia ilikosea kiasi hicho," akauliza, "uwiano wako ulipandaje? Ulipaswa kushuka."

"Ungeshuka kama tungeificha namba, mzee. Tuliianika. Mwenye namba ndogo tukamnyima hesabu, halafu akafeli hesabu, halafu mimi nikaandika kwamba kofia ilitabiri. Mashine haikuwa inapata akili. Watoto ndio waliokuwa wanaitii."

Chigulu alijisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. "Mama, unaniambia nifumue nchi nzima. Haya, mlete huyo binti apimwe upya, ameshiba. Akipanda, nitasimamisha mihuri yote. Asipopanda, usinirudie tena na habari hizi."

Asubuhi ya kupimwa, Nkwimba alimpikia Kulwa mwenyewe: viazi, mayai, chai ya maziwa nzito. Binti alikula kwa adabu, viganja vyake vimepasuka kwa sabuni ya mabamba.

"Mama mkubwa, nitavimbiwa," alisema akicheka.

"Kula mwanangu. Leo unakula kwa ajili ya wengi."

Kofia ikashuka, ikanguruma. Kwenye kioo zikatokea sehemu, vipeo, na herufi zinazosimama mahali pa namba. Kulwa alizitazama kwa bidii mwanzoni. Halafu Nkwimba, aliyekuwa amesimama pembeni, akayaona mabega ya mtoto yakilegea. Hakuwahi kufundishwa hata moja kati ya vitu vile. Ubongo usiojua pa kuanzia haufanyi kazi. Hutulia ukasubiri yaishe.

Namba ikawaka: thelathini na tisa.

"Mashine ilisema kweli," Chigulu alisema kwa sauti ya chini.

"Sasa ndiyo inasema kweli," Nkwimba alijibu. "Siku ile ilisema uongo. Katikati hapo tumemlea mtoto mpaka akafanana na uongo wenyewe."

"Inawezekana. Lakini naomba namba ya kuonyesha hilo. Si wewe uliyetufundisha kudai namba?"

Nkwimba alijua ile tofauti ya mapacha ingeitwa bahati, na hii thelathini na tisa ingeitwa ushahidi. Yeye mwenyewe, mwaka jana tu, angeziita hivyo hivyo.

Nje, Kulwa alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. Alimshika Nkwimba mkono, kama mkubwa anayembembeleza mdogo. "Usiumie, mama mkubwa. Mimi sina kichwa cha hesabu. Nimeshazoea."

Nkwimba hakuweza kumwacha aondoke na maneno hayo. Alimweleza yote, darasa la A, uji, sukari, miaka ya kunyimwa. Alisema kwa haraka, analia, akidhani anamrudishia mtoto kitu chake.

Kulwa alisikiliza. Tabasamu lilimtoka usoni na halikurudi.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa na Doto," alisema.

"Sawa kabisa, mwanangu."

Binti aliuachia mkono.

"Mimi nilijua ni Mungu aliyeninyima. Nilikuwa nimeshakubali."